Njia Zote za Kufika Venezia

Venezia, 3 Novemba 2013

Papa wangu mpenzi,

Najua ni Jeancy anayekutolea barua hii kwenye kompyuta ya duka lake la simu, kwa hiyo naanza na yeye. Jeancy, toa karatasi, mpe Papa, usisome. Asante.

Papa, kaa chini. Sandro ameniomba tuoane, nami nimekubali. Ni yule fundi niliyekueleza, anayetengeneza injini za mabasi ya majini hapa mjini, yule ambaye mama yake humfukuza mezani kila siku akanawe tena mikono. Harusi ni mwezi wa tano, kanisani. Masista walionileta kusoma uuguzi wamefurahi kuliko hata mimi.

Sasa kazi yako. Mimi siingii kanisani bila mkono wako. Hapa baba humshika binti yake kutoka mlangoni mpaka altareni, na kwetu baba ndiye anayemtoa mtoto, kwa hiyo huna pa kukimbilia.

Njia nimeshaulizia. Iliyo rahisi ni ndege kutoka hapo Durban mpaka Dubai, bila kupita Johannesburg, halafu nyingine kutoka Dubai mpaka huku. Unapanda mara mbili tu. Uwanja wa ndege uko ukingoni mwa maji. Ukitoka unatembea kidogo, unapanda boti, boti inakuleta mjini. Angalia tu usije ukakatiwa tiketi ya Treviso. Huo ni uwanja mwingine, na kutoka huko ni basi saa nzima na zaidi.

Kwa viza, konsolato ya Italia hapo Durban wanataka barua yangu ya mwaliko na karatasi ya kuonyesha undugu wetu. Nitumie ile kadi yangu ya ubatizo iliyo kwenye bati la biskuti. Padre wa hapa naye anaitaka.

Kwenye simu yako ya tochi hatusikilizani, na ukiona muda unakwenda unakata. Kwa hiyo niandikie, tena barua ndefu.

Binti yako,
Julienne

Durban, 17 Novemba 2013

Julienne binti yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana ilikuwa saa ya watu kuondoka ufukweni na magari yote yalikuwa yanarudi nyuma kwa pamoja. Nimepiga kelele mpaka mwenye gari moja akadhani ameibiwa. Mama Grâce ametoka saluni ameacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, amepiga vigelegele mpaka waliosimama kwa robot, zile taa za barabarani, wakampigia honi. Mungu akubariki, mama. Akubariki tena.

Lakini kitu kimoja kimenishinda. Uliniambia mji huo hauna gari. Hata moja? Miaka kumi na mbili sasa nalinda magari hapa South Beach, na kizibao changu cha njano, njoo, njoo, kata kulia, simama. Na binti yangu anakwenda kuolewa katika mji usio na gari! Nikifika huko mimi nitakuwa nani? Eish. Lakini naupenda. Watu waliojenga nyumba za mawe juu ya maji, wakakataa na magari, hao ni watu wa kuvuliwa kofia.

Mwambie Sandro kwamba baba mkwe wake hakuzaliwa na kizibao. Miaka tisa nilikuwa chumba cha mashine, meli ya Kalemie mpaka Kigoma. Muulize injini zake zina silinda ngapi na kama maji ya chumvi hayazili. Kijana anayenawa mara mbili na bado ana grisi, huyo anafanya kazi kweli.

Kuhusu Dubai. Ndugu mmoja wa kanisa letu anayekaa Queensburgh alipita huko. Anasema uwanja wenyewe unatembea mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Na magoti yangu unayajua. Tena hati yangu ya kusafiria ni ile ya bluu ya mkimbizi, si pasipoti. Wakinisimamisha katikati, nitakuwa si wa huku si wa huko. Tuitazame vizuri hiyo njia.

Mama Grâce anauliza rangi ya kitambaa.

Papa yako,
Apollinaire

Venezia, 1 Desemba 2013

Papa,

Rangi ni buluu ya maji, mwambie.

Silinda ni sita, na Sandro anasema chumvi inazila kila siku, ndiyo maana yeye ana kazi. Alipoambiwa ulikuwa fundi wa meli aliniuliza kwa nini nilimficha jambo kubwa kama hilo. Sasa anawaambia wenzake karakana nzima. Wanakungoja kama askofu.

Hati ya bluu nimeuliza. Ukikaa ndani ya uwanja kusubiri ndege ya pili, haina shida. Lakini kama Dubai huitaki, iko njia nyingine: Johannesburg, Addis Ababa, Roma. Kutoka Roma unapanda treni, saa nne hivi. Papa, treni yenyewe! Dakika za mwisho inatoka nchi kavu inaingia juu ya daraja refu, maji huku, maji huku, na mji unaonekana mbele umekaa tu juu ya maji. Mimi nimepita pale mara nyingi na bado nasimama kutazama.

Hapa kila kitu kinakuja kwa boti. Mchanga wa ujenzi, friji, mikate, takataka. Wagonjwa wetu wanaletwa na boti yenye king'ora. Juzi nimeona jeneza linapita na maua yake, na watu madarajani wakavua kofia. Nikasema, Papa angependa heshima hii.

Hujaniambia kitu kuhusu kadi ya ubatizo. Padre ananiuliza kila Jumapili mpaka nakaa viti vya nyuma.

Julienne

Durban, 20 Desemba 2013

Binti yangu,

Treni ni nzuri, sikatai. Lakini Jeancy ameniangalizia. Anasema kabla ya kufika iko stesheni nyingine inaitwa Venezia Mestre, na wageni wengi wakiona jina hilo wanashuka wakidhani wamefika, kumbe bado wako nchi kavu. Mimi Kiitaliano sijui hata salamu. Nikishuka Mestre wewe unaningoja kanisani, itakuwaje?

Hapa joto limeanza, ufukwe umejaa watu wa Johannesburg. Na ile meli nyeupe ya watalii imerudi, kama kila kiangazi. Ikiingia bandarini mimi nasogea mpaka upande wa Point kuitazama. Ni ndefu kuliko majengo yetu, ghorofa juu ya ghorofa, lakini inapita mlango wa bandari taratibu bila kugusa kitu. Nasikiliza mashine. Huwezi kuzisikia! Fundi wa meli ile ni mtu. Ningempa mkono nisiuoshe.

Ingekuwa meli inakuja huko, ningepanda kesho bila kuuliza. Lakini ndiyo hivyo.

Kadi nimeitafuta. Bati limejaa makaratasi. Nitaangalia tena.

Krismasi njema. Msalimie sana fundi wangu.

Papa yako,
Apollinaire

Durban, 5 Januari 2014

Ndugu yangu Ildephonse, Kigoma,

Hii simpi Jeancy aitume kwa kompyuta. Nimenunua stempu, naitia posta kwa mkono wangu.

Wewe peke yako umebaki kati ya sisi wa chumba cha mashine, kwa hiyo wewe tu ndiye wa kumwambia. Julienne anaolewa Italia na ananitaka nimshike mkono. Konsolato wanataka karatasi ya undugu. Karatasi ninayo, kadi ya ubatizo. Sijawahi kuipoteza hata dakika moja. Lakini unajua imeandikwa nini. Baba: Méthode Kabezya.

Hajui, Ildephonse. Kaka yangu ameandikwa kwenye kadi, mimi nimeandikwa kwenye moyo wake, na sijui nitafanyaje viwili hivyo vikikutana. Nikijaza fomu kwamba mimi ni baba, nitaonekana mwongo na nitamchafulia karatasi zake huko. Nikijaza baba mdogo, lazima nimweleze. Kwa hiyo kila njia anayonipa naitafutia kasoro. Dubai nimesingizia magoti. Treni nimeisingizia stesheni. Naona haya.

Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Apollinaire

Kigoma, 26 Januari 2014

Apollinaire,

Ningekuwa mimi nisingekuwa mjinga kiasi hicho, basi.

Mtoto umempakata kwenye mtumbwi mbele ya macho yangu, analia, unamwimbia wimbo wa kanisani na kuimba hujui. Mtoto wa kaka yako ni mtoto wako tangu lini imekuwa siri? Siri umeitengeneza mwenyewe huko Durban. Sasa unaona haya ya nini, ya kumlea?

Mwambie. Tena upesi, maana karatasi zina mdomo na hazina huruma. Akisikia kwa karani wa ofisi, hapo ndipo utakuwa umemkosea kweli. Na Méthode pia unamkosea. Mtu yule alikuwa na mtoto, na mtoto hajui hata jina la kumwombea.

Mimi mzima. Meli yetu imepakwa rangi upya, upuuzi mtupu, mashine bado ni zilezile.

Ildephonse

Venezia, 9 Februari 2014

Papa,

Ulisema meli. Nimekupatia meli.

Ni hiyohiyo yako nyeupe. Kila mwaka joto likiisha huko inarudi Ulaya, inachukua abiria wa kwenda tu, na mwaka huu inamalizia safari hapahapa Venezia. Inaondoka Durban Jumatatu tarehe 28 Aprili, inapita Cape Town na Walvis Bay, inafika kwetu Alhamisi tarehe 22 Mei. Kurudi utapanda ndege ya Dubai, konsolato waone kwamba unarudi. Sandro amemwomba padre asogeze harusi, sasa ni Jumamosi tarehe 24. Chumba ni kidogo, cha ndani, hakina dirisha. Sandro anasema mtu wa mashine hahitaji dirisha.

Njia nimezimaliza, Papa. Ndege mbili, ndege tatu, treni, meli. Kama hii nayo ina kasoro, basi niambie ukweli. Ni Sandro? Ni kwa sababu ni mzungu? Au umechoka na mimi? Umelea, umesomesha, umefikisha, sasa unataka kukaa chini kama mtu aliyemaliza zamu? Kama ni hivyo sema. Nitalia na nitaelewa. Lakini usinitajie tena stesheni.

Julienne

Durban, 12 Februari 2014

Binti yangu,

Nimesoma barua yako mara nne. Sandro nampenda bila kumwona. Na wewe sijakuchoka hata siku moja.

Kadi haikupotea. Iko hapa mbele yangu, Jeancy ataipiga picha pamoja na barua hii. Leo nimemwambia asome akitaka. Tazama palipoandikwa baba. Si mimi. Ni Méthode Kabezya, kaka yangu, fundi mkuu wa meli yetu. Henriette mama yako alifariki akikuzaa, hilo nilikwambia na ni kweli. Siku vita vilipofika Kalemie, mashine zilikuwa zimeachwa zinaunguruma bandarini bila mtu. Méthode alisema zitalipuka na watu wako pembeni. Akakuweka mikononi mwangu, akarudi kuzizima. Nilimngojea nikiwa nawe mpaka mtumbwi wa mwisho. Mashine nilizisikia zikinyamaza. Yeye hakutokea. Ulikuwa hujatimiza miaka mitatu.

Hapa Durban, kwenye dirisha la wakimbizi, karani aliniuliza huyu ni nani wako. Nikasema mtoto wangu. Sikudanganya, Julienne, kwetu mtoto wa kaka huitwa nini kingine? Kosa langu si hilo. Kosa langu ni kwamba sikukwambia yuko mwingine kabla yangu. Kwanza ulikuwa mdogo. Halafu ukaanza shule, nikasema asubiri akomae. Halafu nikanogewa. Ulikuwa ukitoka shule unakuja ufukweni na begi lako, unaita Papa mbele ya wenye magari wote, na mimi na kizibao changu najiona mkubwa kuliko wao. Nikaogopa kwamba ukijua utaendelea kuniita hivyohivyo, lakini kwa heshima tu.

Ndiyo maana ya magoti, na Mestre, na yote. Nisamehe. Mlilie na kaka yangu, anastahili. Alikuwa mtu mzuri kuliko mimi, na fundi kuliko mimi.

Kama bado unataka mtu wa kukushika mkono, nitakuja kwa njia yoyote utakayosema. Hata hiyo ya kushuka Mestre.

Apollinaire

Venezia, 13 Februari 2014

Papa,

Umesahau kuandika "Papa yako" mwisho wa barua. Usirudie.

Kadi hiyo ninayo tangu wiki ya Krismasi. Uliponyamaza niliandika parokiani Kalemie, na Abbé Urbain, padre wa huko, akanitumia nakala. Niliifungua kituoni nikisubiri boti. Nikasoma, nikapanda boti isiyo yangu, nikazunguka nayo mpaka kisiwa cha mwisho na kurudi, na wazee wa kizungu wasionijua wakinipa vitambaa vya kujifuta.

Nilimlilia Méthode, ambaye sikuwahi kumlilia. Halafu nikakukasirikia wewe, tena sana, ndiyo maana Januari nzima hukupata barua. Halafu nikakumbuka nywele zangu. Siku ya kwanza ya shule ulinisuka mwenyewe, mistari imekwenda kila upande, watoto wakacheka mpaka mwalimu akacheka. Ungeweza kumlipa msusi. Lakini jioni ile ulikwenda kwa Mama Grâce, mwanaume peke yako saluni nzima, ukakaa kwenye kigoda ukamwambia, nifundishe. Wiki tatu wanawake walikucheka, na hukuacha mpaka ukajua. Nani alikwambia nahitaji karatasi?

Lakini na mimi nilinyamaza. Niliogopa kwamba ukijua najua, utasema mtoto wa Méthode ameshafika, kazi yangu imekwisha. Kwa hiyo wewe huko unatafuta kasoro, mimi huku natafuta tiketi, na wote wawili tunatetemeka. Hongera zetu!

Mwaliko nimeuandika upya. Kiitaliano hakina baba mdogo. Wana neno moja tu, kaka wa baba na kaka wa mama wote humohumo, na kisanduku cha fomu ni kidogo. Nimeandika hilo, maana konsolato wanataka la kwao, na kadi inalithibitisha. Padre nimemweleza yote. Akauliza, basi nani atakushika mkono? Nikasema, baba yangu. Akauliza, yupi? Nikamwambia, anayekuja na meli.

Jina la Méthode litatajwa kwenye Misa. Utalisoma wewe. Nataka wasikie anayelijua kulitamka.

Binti yako,
Julienne

Baharini, karibu na Visiwa vya Kanari, 14 Mei 2014

Julienne mtoto wangu,

Hii nitaitia posta kesho tukitia nanga, itanitangulia kwako siku chache.

Mama wa konsolato alikuwa mpole. Alitazama kadi, akatazama mwaliko, akauliza kwa nini mtu aende Venezia kwa meli siku ishirini na nne wakati iko ndege. Nikamwambia mimi ni fundi. Akacheka, akanipa viza.

Mama, nisikuongopee, bahari hii si ziwa letu. Siku saba hatukuona nchi, na meli haikutikisa hata kikombe. Abiria karibu wote ni wazee wa kizungu. Siku ya tatu, kwenye chakula, mzee mmoja ananitazama, ananitazama, mwisho akasema, "Wewe si yule anayelinda gari langu South Beach?" Nikamwambia ndiye. Akaniuliza kwa wasiwasi kabisa, sasa nani analilinda? Nikamjibu leo ni zamu ya mwenzangu. Tangu hapo tunakula meza moja. Yeye na mkewe wamebeba ramani ya mji wako na wananiuliza mimi njia, kwa kuwa nina mtoto huko. Nimewaonya kuhusu Mestre.

Jumapili walinishusha chumba cha mashine. Mhandisi wao alisikia habari zangu, akaja mwenyewe kunichukua. Julienne, panang'aa kama jikoni kwa bibi harusi! Unaweza kulala chini na shati jeupe. Injini moja peke yake ni kubwa kuliko meli yetu yote ya Kalemie, na vijana wanaiendesha wamekaa, wanatazama vioo vya kompyuta. Niliweka mkono juu ya chuma nikausikia ule mtetemeko, nikamwambia Méthode moyoni, kaka, njoo uone. Mhandisi aliniacha nikae mpaka nilipomaliza. Watu wa mashine wanajuana.

Jina la Méthode nalisoma kila asubuhi peke yangu, nisije nikakwama siku yenyewe.

La mwisho. Siku ya kupanda, pale gatini Durban, walitupa kila mtu fomu ya kujaza. Jina, hati, halafu chini: mtu wa kujulishwa kukitokea jambo. Nikaandika Julienne Kabezya, na simu yako. Pembeni kuna mstari mwingine, uhusiano. Kalamu ikasimama. Nyuma yangu foleni ndefu, na nimebeba lile bati la biskuti kwapani na kadi yako ndani, tayari kujieleza. Nikaandika: mtoto. Nikampa binti wa kaunta. Akaisoma, akagonga muhuri, akamwita anayefuata.

Papa yako,
Apollinaire